Miaka Niliyopika Samli ya Dhaki

Assalaam aleikum, mabinti zangu wa Wabera na Kiwanjani, hapa Isiolo, mnaofanya biashara ndani ya nyumba zenu. Mwezi uliopita niliuzima moto wa samli kwa mara ya mwisho. Mkono hauwezi tena kushika mwiko kwa muda unaotakiwa, na jicho halioni vizuri rangi ya mafuta yanapokaribia kuwa tayari. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba vimechoka pamoja. Ingekuwa taabu mkono utake kazi na jicho limekataa. Mliponiomba niandike mlisema mnataka kujua changamoto nilizopitia. Neno hilo sisi hatukuwa nalo. Tulikuwa na shida, na tulikuwa na majirani.

Sitaandika nilipata kiasi gani. Tulikula, watoto wakasoma, na nilijaliwa kwenda Makka mara moja. Hayo yatosha. Nitaandika jinsi nilivyoanza, walionifundisha, na kosa nililolifanya wakati wa vita vya shifta, ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu kutoka kwa watu ambao hawakuwepo.

Niliolewa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mume wangu, Yusuf, alikuwa dereva wa lori la watu, na nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo: kwa kungojewa, na kwa muda mfupi. Babu yake na babu yangu waliletwa nchi hii wakiwa askari wa Mwingereza, wakaachiwa hapa Isiolo wajenge. Baba yangu alikuwa mwalimu wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, kwa hiyo niliingia nyumba ya mume nikijua kusoma, kuandika na kuhifadhi. Kupika sikujua.

Mama mkwe, Bi Hawa, ambaye nilimwita Mama kama alivyotaka, alikuwa akipika samli ya kuuza kwenye jiko la uani tangu mumewe alipofariki. Siku ya kwanza aliniketisha kwenye kigoda mbele ya sufuria ya shaba, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Inachemka, Mama."

"Inaongea. Siagi ikiwa na maji ndani yake huongea. Maji yakiisha, inanyamaza. Hapo ndipo unaipua. Ukichelewa hata kidogo, imeungua. Macho yatakudanganya kwa sababu ya moshi. Sikiliza."

Nikasikiliza. Ilipokuwa karibu kunyamaza, akaingia jirani na salamu zake, za mama, za watoto, za mbuzi aliyepotea na kupatikana. Nikamjibu kwa adabu kama nilivyolelewa. Niliporudisha sikio kwenye sufuria, samli ilikuwa imenyamaza kitambo na rangi yake ilikuwa ya kahawa.

Mama hakunigombeza. Alisema, "Mtu akifanya kazi ofisini, watu hubisha hodi. Akifanya kazi jikoni kwake, watu humwona hana kazi. Mgeni akiingia moto ukiwaka, mpe kitambaa akushikie. Atakuwa mfanyakazi, na mfanyakazi hazungumzi sana." Nimeutumia ushauri huo maisha yangu yote. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha marikani, cha kuchujia, na nusu ya wanawake wa mtaa wetu wamekishika.

Shida nyingine za nyumbani mnazijua. Paka. Watoto wanaochovya mkate wakidhani hakuna anayeona kidole kwenye mafuta. Ndugu wa mume anayekuja na chupa tupu mfukoni, akisema amepita tu kusalimia. Nguo zako zote kunuka samli, hata ya Idi. Chupa zilikuwa taabu kubwa, maana chupa nzuri zenye vizibo zilipatikana kwenye baa tu. Mama alizisugua kwa majivu na maji ya moto, akazisugua tena, mpaka akaridhika kwamba zimesilimu.

Lakini samli yetu haikuwa na jina kwa sababu ya chupa wala kwa sababu ya uwatu na iliki tulizotia. Ilikuwa na jina kwa sababu ya Dhaki.

Dhaki alikuwa Mborana wa upande wa Waso, yaani bonde la mto Ewaso, mbele ya Kinna, mwanamke mrefu aliyenizidi kama miaka kumi. Alikuja na punda wawili waliobeba siagi ndani ya gorfa, vyombo vile vinavyosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi visivuje. Kabla ya kutia maziwa, mwanamke wa Kiborana hukifukiza chombo kwa vijinga vya mti. Dhaki alitumia mti wanaouita madheera, na vyombo vyake alivirithi kwa mama yake, kwa hiyo moshi uliokuwamo ulikuwa wa miaka mingi kuliko mimi. Siagi ikilala humo inachukua harufu, na ukiipika harufu haitoki. Ndiyo hiyo watu waliita samli ya Waso.

Siku aliponiona mara ya kwanza aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akamuuliza Mama kana kwamba mimi sipo: "Huyu ndiyo bibi ya Yusuf? Mbona mwembamba hivi? Anapika samli na haonji?"

"Bado anaiogopa sufuria," Mama akasema.

"Sufuria haiumi, intala," Dhaki akaniambia, akiniita binti kwa lugha yao. "Mwanaume ndiyo anauma."

Wakacheka wote wawili mpaka punda wakageuza masikio. Mimi niliona haya, kisha nikacheka pia, na tangu siku hiyo nilikuwa nikimngojea Dhaki kuliko nilivyomngojea mume. Namwomba Yusuf radhi huko aliko, lakini alilijua.

Dhaki hakukubali siagi yake ipimwe kabla ya kunywa chai. Baada ya chai alinifumba macho kwa kiganja, akaninusisha gorfa moja baada ya nyingine, niseme ipi ni yake na ipi ni ya jirani yake aliyomletea. Nikikosea alinipiga kofi dogo begani. Nilipopata zote mara ya kwanza, alisema: "Sasa unanijua. Wewe umesoma, unaandika jina yako na kalamu. Mimi naandika na moshi."

Uhuru ulipokuja, kwetu ulikuja na vita. Waliokuwa porini wakipigana waliitwa shifta, ikatangazwa hali ya hatari, na mji ukawa wa pasi, kafyu na maswali. Kwa watu wa Waso ilikuwa nzito zaidi. Waliamriwa wakusanyike kambini pamoja na mifugo yao. Ng'ombe wengi mahali pamoja humaliza majani kwa muda mfupi. Wengine walikufa kwa njaa, wengine kwa risasi. Waborana wenyewe mpaka leo wanauita wakati ule Daba, yaani kusimamishwa.

Dhaki alikuja mara ya mwisho na punda mmoja na gorfa moja. Alikunywa chai vikombe viwili, jambo ambalo hakuwa akifanya.

"Tunaingia kambi," akasema.

"Mpaka lini?"

"Uliza wao." Kisha, akiwa amesimama mlangoni: "Usinisahau, intala."

"Nitakusahauje?" nikamjibu haraka haraka, kwa kuwa sufuria ilikuwa jikoni na ilikuwa inakaribia kunyamaza. Hilo ndilo jibu nililompa.

Miezi ikapita. Lori la Yusuf lilisimamishwa, naye akawa anashinda barazani akipangusa kioo cha gari lisilokwenda popote. Mama aliugua, akawa amelala chumba cha karibu na jiko. Watoto walikuwa wawili, Safia na mdogo wake. Nyumba nzima ilitegemea sufuria, na sufuria ilikuwa tupu.

Mungu akamleta Mama Karimi, Mmeru aliyeshuka kutoka milimani na magari ya miraa. Alileta siagi imefungwa kwenye majani ya mgomba, nyeupe, safi, na isiyo na harufu yoyote, kama maji yaliyoganda. Niliipika vizuri kabisa. Wateja walionja wakarudisha kijiko. Mmoja aliniuliza kama ni ya kula au ya kujipaka.

Siku moja nilichukua kibuyu cha zamani cha Mama, nikatafuta madheera kwa wauza kuni, nikakifukiza kama nilivyomwona Dhaki akionyesha, nikatia humo siagi ya Mama Karimi. Mara ya kwanza ilinuka jiko lililoungua. Mara ya pili na ya tatu ilinuka majivu. Nilijifunza kupangusa masizi kwa mkia wa ng'ombe, kufunika kibuyu moshi ukiwa bado mwepesi, na kuiacha siagi ilale siku tatu. Mara ya sita nilipoipika, harufu ilipopanda nilinyanyuka kwenye kigoda nikatazama mlangoni. Nilidhani amekuja. Kisha nikaketi nikalia.

Nataka mniamini kwamba sikuanza kwa nia ya kudanganya. Nilianza kwa sababu nilimtamani Dhaki. Lakini niliiuza.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mzee Warsame, askari mstaafu aliyekula samli kwenye kahawa yake asubuhi na kwenye wali wake jioni. Alinusa chupa, macho yakamtoka.

"Waso! Mama Safia, hii imefikaje na njia zimefungwa?"

"Mungu ndiye mpaji, Mzee," nikasema.

Tazameni nilivyofanya. Nilichagua neno la kweli nikajificha nyuma yake. Mtu asiyesoma angedanganya waziwazi, na pengine ingekuwa rahisi kwake kutubu. Mimi nilijiambia kwamba sikusema uongo, nilinyamaza tu, na walionunua walionja wenyewe. Nilikuwa na hoja nyingi. Baba yangu angezijua zote, maana alinifundisha yeye.

Mama alinitaka nimpelekee kijiko kitandani. Akaonja, akakaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Hii imevaa nguo za mtu," akasema.

"Za nani, Mama?"

"Unamjua. Umemwomba ruhusa?"

Nikarudi jikoni. Niliendelea miezi mitano.

Siku ya Jumatano moja, saa tano asubuhi, uani walikuwamo Mzee Warsame na wanawake wawili wa jirani wakingojea chupa zao. Akaingia inspekta mmoja, mgeni katika mji, na askari wawili wakabaki langoni.

"Mama, habari."

"Nzuri, Bwana Inspekta. Karibu uketi."

"Sikai. Hii mafuta unauza, inatoka wapi?"

"Inatoka kwa ng'ombe," nikasema. Ni woga ulionijibia. Sikutaka kumchezea.

"Ng'ombe ya wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Warsame akajivuta mbele na fimbo yake. "Ya Waso, afande! Hutaipata nyumba nyingine yoyote hapa Isiolo. Vita havikumzuia mama huyu. Mimi nimewaambia watu wote pale hotelini."

"Hata mimi nimeambiwa hotelini," inspekta akasema.

Mzee akaanza kuelewa, akarudi nyuma na fimbo yake.

"Waso imefungwa," inspekta akaendelea. "Hakuna mtu anatoka bila pasi. Sasa hii siagi inatembea na miguu yake? Kuna mtu anapita porini kuleta. Na kama anapita porini, huko anakutana na nani? Anapelekea nani chakula? Tumeuliza. Watu wanasema ni mwanamke moja anaitwa Dhaki. Yuko kambini. Ataulizwa mpaka aseme hiyo njia."

Mnajua wakati ule mtu aliyedhaniwa kuwapelekea shifta chakula alifanywa nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema nimenunua kwa mtu nisiyemjua. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, ambako nilikuwa nimeshakuzoea. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi, na nilijua anasikia.

"Dhaki hajaleta kitu," nikasema. "Hii ni siagi ya Meru. Moshi nimeutia mimi."

Inspekta akacheka. "Unamficha rafiki yako, mama. Siagi ya Meru mimi nimekula tangu utoto."

"Kaa basi uone."

Nikatoa siagi ya Mama Karimi ikiwa bado ndani ya majani ya mgomba. Nikawasha vijinga vya madheera, nikakifukiza kibuyu mbele yao, nikapangusa, nikafukiza tena, nikatia siagi, nikatikisa, nikapika kidogo kwenye kikaango. Inspekta alinusa, akafikiri, akampa Mzee Warsame kijiko.

"Mzee, wewe ndiyo fundi ya kula. Sema."

Mzee alionja. Sijawahi kungojea neno la mtu vile. Akisema si yenyewe, Dhaki amekwisha.

"Ni changa," akasema polepole. "Lakini ni ile ile." Akanigeukia. "Miezi mitano, Mama Safia, nimekula Meru?"

"Miezi mitano, Mzee. Nisamehe."

"Na nilivyoipigia kelele!" Akaiweka chupa yake chini, tupu, akatoka bila kuaga. Mmoja wa wale wanawake alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Kumbe hata dugsi haisaidii." Wakamfuata.

Inspekta aliandika maelezo yangu kwenye daftari lake akanipa nitie sahihi. Aliangalia mwandiko. "Kuandika unajua vizuri," akasema. "Kusema ndiyo umechelewa." Akaenda.

Nilipoingia kwa Mama, alikuwa ameketi, kitu ambacho hakukiweza kwa wiki nyingi. "Sasa tafuta jinsi ya kumfikia Dhaki," akasema. "Mungu atakusamehe ukimwomba. Haki ya Dhaki anayo Dhaki." Hilo nililijua tangu utotoni, kwamba deni la mtu halifutwi na mwingine. Nilikuwa nimelisoma. Sikuwa nimelibeba.

Wateja walikatika. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyebisha hodi, na nilizikumbuka hata salamu za jirani na mbuzi wake. Aliyerudi wa kwanza alikuwa Mama Karimi na mzigo wake wa siagi. Nilimweleza kila kitu, nikamwomba radhi yeye pia kwa kuwa nilikuwa nimelificha jina la ng'ombe wake. Aliudhika kwa sababu nyingine kabisa.

"Kwani ng'ombe ya Meru haina mama yake?" akauliza. "Kwa nini unaivalisha blanketi ya watu? Uza yangu kama yangu. Atakayekataa, akatae."

Nikafanya hivyo. Nilitia iliki zaidi, nikajifunza kuipua mapema kidogo kwa sababu siagi ya milimani hunyamaza haraka, na kila aliyeuliza nilimwambia kabla hajamaliza swali: ya Meru. Mabinti zangu, ilichukua mwaka mzima. Kwanza walikuja wafanyakazi wa serikali kutoka milimani, ambao kwao harufu ya moshi ilikuwa kasoro tangu mwanzo. Kisha wakaja wengine. Mzee Warsame alirudi siku ya Arafa, akanunua chupa moja, akasema ni ya wageni. Mama hakuiona siku hiyo; alikuwa ametangulia, Mungu amrehemu, na mwiko wake nikaufanya wangu.

Vita vilipokwisha na kambi kufunguliwa, kila mwanamke mrefu aliyepita barabarani nilimfuata kwa macho. Nilituma salamu kwa kila aliyekwenda Kinna. Dhaki alikuja mchana mmoja, kwa miguu, bila punda. Sauti ndiyo iliyonifanya nimjue. Mwili ulikuwa umebaki nusu.

"Salaam aleikum, intala. Sufuria bado haijakuuma?"

Nilimkumbatia, na alikuwa hana harufu yoyote. Nilimpa chai. Kisha nikamweleza kosa langu tangu kibuyu cha kwanza hadi sahihi ya mwisho, bila hoja hata moja.

"Najua," akasema. "Walinifungia siku mbili. Wananiuliza, siagi unapitisha wapi? Siagi! Ng'ombe yangu ya mwisho ilikuwa imekufa miezi minne nyuma. Nikaanza kucheka. Askari anakasirika, mimi nacheka. Nikawaambia, basi kama mmeona hiyo ng'ombe, nirudishieni." Akanywa chai. "Siku ya tatu wakaleta karatasi yako, wakanitoa. Wamama kambini wakaniita Dhaki mwenye ng'ombe wa peponi."

Nilicheka nikilia. Aliniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti nyingine: "Lakini hizo siku mbili mtoto wangu mdogo alikuwa na homa huko nje. Alipona. Lakini sikuwa naye."

"Nisamehe, Dhaki. Kwa ajili ya Mungu."

Aliweka kikombe chini.

"Sasa sina kitu," akasema. "Nikikusamehe leo, kesho mimi mwenyewe nitasema nilisamehe kwa sababu ya njaa, nilitaka sukari yako. Ngoja niwe na ng'ombe. Nikiwa na ng'ombe nitakuja tuongee hiyo maneno kama watu wawili."

Alikubali chai, alikubali sukari, alikubali kanga. Msamaha aliondoka nao.

Nilingoja miaka. Dhaki alipanda mahindi Kinna, kando ya mfereji, kazi ambayo aliichukia na aliielezea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alipofika Isiolo alipita kwangu, na kabla ya salamu kuisha nilimuuliza, "Ng'ombe?"

"Mbuzi watatu."

Mwaka mwingine: "Ng'ombe?"

"Mbuzi saba na wazimu mmoja." Wazimu alikuwa mumewe.

Niliswali na kumwombea Dhaki ng'ombe kuliko nilivyowaombea watoto wangu mitihani, na watoto wangu waliona matokeo yake. Baadaye alipata ndama jike, nusu wa kizungu, kutoka kwa mkulima wa milimani. Ndama akawa mtamba, mtamba akazaa. Habari hiyo ililetwa kwangu na watu watatu tofauti, maana mji mzima ulijua ninachongojea.

Alikuja baada ya mvua. Kwenye mkono alikuwa na gorfa moja ndogo, mpya, nyuzi zake bado nyeupe. Zile za mama yake ziliishia kuwa kuni kambini, mwaka ambao watu walichoma kila kilichoshika moto. Tulikunywa chai kwanza. Kisha nikaiweka sufuria jikoni, tukaketi pande mbili, tukaisikiliza siagi ikiongea, na hakuna kati yetu aliyeongea juu ya sauti yake. Iliponyamaza nikaipua.

Nilichota kijiko, nikangoja kipoe, nikaonja. Dhaki alikuwa akinitazama usoni.

"Ni ile?" akauliza.

Nilitaka iwe ile. Mungu ndiye ajuaye jinsi nilivyotaka. Nilikuwa nimengoja zaidi ya miaka kumi, na mbele yangu alikuwa ameketi mwanamke ambaye alianza na mbuzi watatu ili alete kijiko hicho. Neno moja dogo lingemfurahisha, na baada ya neno hilo angenisamehe. Niliitafuta ile harufu nyuma ya ulimi. Kulikuwa na moshi, ndiyo, mwepesi na mpya. Kulikuwa na majani ya mferejini. Waso haikuwemo.

"Hapana, Dhaki," nikasema. "Si ile."

Aliigeuza gorfa yake mkononi. Nilidhani nimemvunja.

"Si ile," akasema mwishowe. "Nilijua tangu nilipoifungua nyumbani."

"Basi kwa nini umeniuliza?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Akanyoosha mkono akanipiga kofi lile dogo begani, akaniita kwa jina langu, ambalo hakuwa amelitumia hata siku moja. "Maryam. Nimekusamehe. Hapa, na kule mbele ya Mungu. Sasa leta anjera, nimetembea sana."

Samli ile sikuitia kwenye chupa. Tuliimaliza palepale sisi wawili, kwa anjera, mkate wetu wa kumimina, na kwa vidole, na kutwa nzima tulizungumza juu ya ile nyingine.